Je, Wajua? Barghash: Jina la Usubi Lililovaliwa Kichwani

Ukiita Said, Khalifa au Ali kwenye baraza yoyote ya Mji Mkongwe, Unguja, hukosi mtu wa kuitika, pengine wawili kwa pamoja. Ukiita Barghash, shingo zote zitageuka, lakini ni nadra apatikane wa kusema "labeka". Watakachokuuliza ni kama unamtaja Seyyid au unaitafuta kofia. Ni jina la kiume la Kiarabu ambalo kila mwanafunzi wa historia Afrika Mashariki amelisikia, na bado watoto wanaopewa ni wachache mno. Haya ni baadhi ya mambo yanayolizunguka.

Kamusini, barghash ni usubi

Je, wajua kwamba neno *barghash* katika Kiarabu ni jina la wadudu? Ni usubi, wale wadogo kuliko mbu, wanaozuka makundi kwa makundi jua likikuchwa, hasa penye maji yaliyotuama. Barghash ni usubi kwa jumla. Mdudu mmoja tu huitwa *barghasha*. Nchi za Sham, yaani Syria, Lebanon, Palestina na Jordan, watu wanalitumia neno hili hadi leo wanapolalamikia vijidudu vya jioni.

Umbo lake nalo si la kawaida. Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya herufi tatu za mzizi: *kitabu*, *katibu* na *maktaba*, kwa mfano, yote yanatokana na kaf, ta na ba. Barghash limejengwa juu ya nne: ba, ra, ghaini na shini. Maneno ya mizizi ya herufi nne ni machache zaidi, na majina ya watu yaliyotokana nayo ni machache zaidi ya hapo.

Mzizi huohuo una habari ya kupona

Usubi si maana pekee. Kamusi za kale za Kiarabu zimehifadhi kitenzi *ibraghashsha*, chenye herufi zilezile nne, ambacho husemwa kwa mgonjwa aliyepata nafuu, akainuka kitandani na kuanza tena kutembea. Kwa hiyo anayelifungua jina hili kamusini hukutana na mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: mdudu asiyeonekana vizuri, na mtu aliyenusurika na maradhi. Mzazi anayelitetea jina hili mbele ya ndugu zake ana pa kushika.

Simba kwa mwana, lulu kwa mtumwa

Je, wajua kwamba Waarabu wa kale waliwahi kuchekwa kwa majina yao? Wasomi wasio Waarabu, hasa Waajemi wa zama za Baghdad, waliwauliza: ni watu gani hawa wanaowaita wana wao Mbwa, Chui, Jiwe na Shubiri?

Aliyeshika kalamu kuwajibu ni Ibn Durayd, mwanalugha wa kabila la Azd, tawi la Oman. Alizaliwa Basra mwaka 837 na kufariki Baghdad mwaka 933. Kitabu chake, *Kitab al-Ishtiqaq*, kinachambua majina ya makabila na ya watu mmojammoja, kikionyesha kila jina limechimbuka wapi. Humo mna kisa cha mtu aliyeulizwa kwa nini Waarabu huwapa wana wao majina makali na watumwa wao majina mazuri. Jibu lilikuwa kwamba jina la mwana ni kwa ajili ya adui, na jina la mtumwa ni kwa ajili ya bwana mwenyewe. Mwana atakutana na maadui vitani, basi jina lake liwatishe. Mtumwa ataitwa nyumbani asubuhi na jioni, basi jina lake liwe tamu masikioni.

Ndiyo maana majina ya simba ni mengi mno kwa Waarabu: Asad, Layth, Haidar, Usama na Abbas, yote ni simba au sifa za simba. Fahd ni duma. Kabila zima liliitwa Kalb, yaani mbwa, na wenyewe wakajivunia. Upande wa pili, watumwa waliitwa Lulu, Yakuti, Kafuri na Ambari. Wasomaji wa pwani wanayajua majina haya, kwa kuwa desturi hiyo ilivuka bahari ikafika hadi Unguja na Lamu.

Ibn Durayd mwenyewe hakuwa mbali na habari za pwani yetu. Mwaka 871 Basra ilipotekwa katika uasi mkubwa wa watumwa unaoitwa uasi wa Zanji, aliukimbia mji akaenda kuishi Oman miaka kadhaa. Zanji ndilo jina Waarabu walilowaita watu wa Afrika Mashariki, na ndilo lililoipa Zanzibar jina lake.

Swahaba mkubwa aliitwa Panzi

Anayeona haya kwa jina la usubi na amkumbuke Abu Dharr al-Ghifari, swahaba anayesifiwa kwa ukweli wake na kwa kuwatetea maskini. Jina lake alilopewa na wazazi ni Jundub bin Junada, na *jundub* ni panzi. Hata hilo la Abu Dharr, maana yake baba wa Dharr, lina wadudu ndani yake: *dharr* ni sisimizi wadogo kabisa. Panzi aliyezaa sisimizi, na hakuna Mwislamu anayelitaja jina lake bila heshima.

Abu Huraira naye, mpokezi wa hadithi nyingi kuliko maswahaba wote, ni baba wa kijipaka. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume, baba yake alikuwa na jina la mwana wa punda. Kwa desturi ya Kiarabu, basi, usubi una jamaa wengi.

Jina baya hubadilishwa, lakini si kila mtu hukubali

Mtume Muhammad alikuwa akibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi alimwita Jamila, yaani mzuri. Lakini hadithi zimehifadhi pia kisa cha mzee mmoja aliyeitwa Hazn, maana yake ardhi ngumu yenye mawe. Mtume alipomtaka ajiite Sahl, yaani tambarare au wepesi, mzee alikataa kuacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, mwanachuoni Said bin al-Musayyib wa Madina, alikuja kusema kwamba ugumu uliendelea kuwaandama katika ukoo wao.

Sisi wa pwani na bara tuna ya kwetu. Shida, Tabu, Mashaka na Sikudhani ni majina ya watu wazima wenye heshima zao, waliozaliwa siku mbaya au baada ya ndugu zao kufa. Mzazi anayempa mwanawe jina zito mara nyingi huwa anakizungumzia kile alichokiona yeye, huku akimwombea mtoto asikione.

"Bin Sultan" haimaanishi mtoto wa mfalme

Mwenye jina aliyelifanya Barghash lijulikane duniani ni Barghash bin Said bin Sultan Al Busaidi, mtawala wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Wengi wakilisoma jina hilo refu hudhani neno la mwisho ni cheo. Sivyo. Sultan hapo ni jina la mtu: babu yake aliitwa Sultan bin Ahmad, kama vile jirani yako anavyoweza kuitwa Sultani na asiwe na hata kiwanja. Watawala wenyewe walipendelea kuitwa Seyyid.

Ukoo huohuo wa Al Busaidi unatawala Oman hadi leo, na haujaacha majina ya viumbe. Sultani wa sasa, aliyeshika kiti Januari 2020, ni Haitham bin Tariq, na *haitham* ni kinda la tai. Ukoo mmoja umetoa kinda la tai Muscat na usubi Unguja.

Mwenye jina alitoroka ndani ya buibui

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mwana wa Seyyid Said na suria wa Kihabeshi. Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akisafiri kutoka Muscat kwenda Unguja, na Barghash alikuwa naye melini. Husimuliwa kwamba aliushusha mwili wa baba yake usiku, akauzika kimyakimya kabla mji haujapata habari, kwa matumaini ya kushika hatamu yeye. Hakufanikiwa, kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid.

Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa uasi. Dada yake Salme, aliyekuwa kigori wa miaka kama kumi na mitano na aliyejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyewaandikia barua wafuasi. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash mjini, dada zake walikwenda kumtembelea wakiwa na msafara wa wanawake. Wakatoka naye katikati yao amefunikwa gubigubi kama mmoja wao, uso haukuonekana ila macho, akapita mbele ya askari na kufika shambani ambako wafuasi wake walikuwa wamejizatiti. Waingereza walimsaidia Majid kuuzima uasi, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Salme alisimulia kisa hiki katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, akiwa ameshaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka mmoja kabla, alipokuja Unguja na meli za Kijerumani kudai urithi wake, kaka aliyemtorosha alikataa kumwona.

Jina lilipigwa kwenye shaba

Bombay ilimfunza Barghash mengi. Huko aliona mji wa bandari wenye maji ya bomba, matbaa na meli za moshi, na Majid alipofariki Oktoba 1870, alirithi kiti akiwa na hayo kichwani. Mwanzo wake ulikuwa mgumu: Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli zake na kung'oa mikarafuu, na Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari.

Kisha akajenga. Maji yalivutwa kutoka Chemchem hadi mjini. Matbaa ya Sultani ilianza kuchapa vitabu vya dini vya Kiarabu yapata mwaka 1880. Mwaka 1882 zilitoka pesa za shaba zenye picha ya mizani upande mmoja na jina lake upande wa pili. Kasri la Maruhubi lilijengwa mwaka 1882, na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu lenye nguzo za chuma na roshani pande zote, likakamilika mwaka 1883. Reli ndogo ilitoka kwenye kasri la mjini hadi Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ya mvuke. Wapenzi wa taarabu nao husimulia kwamba ni yeye aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, na ndipo taarabu ikaota mizizi Unguja.

Mwaka 1888, akiwa mgonjwa, alisafiri hadi Oman kutafuta nafuu kwenye chemchemi za maji ya moto. Alirudi Unguja na kufariki Machi mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu.

Wageni waliliandika kila mmoja kivyake

Maandishi ya Kiarabu ya kila siku hayaweki irabu fupi, kwa hiyo jina hili huonekana kama konsonanti nne tu zilizofuatana. Msomaji asiyelijua hana budi kubahatisha. Waingereza wengine wa karne ya 19 waliandika Burghash, wengine Bargash. Wajerumani wakaandika Bargasch. Mwandishi anayetafuta habari zake katika nyaraka za zamani hulazimika kutafuta kwa tahajia zote hizo, la sivyo nusu ya habari itampita.

Kwa ulimi wa Kiswahili, herufi ya kati ni gh ileile ya *ghali*, *ghafla* na *ghorofa*, inayotoka kooni. Mtu wa bara asiyeizoea husema Bargash. Wengine, kwa mazoea ya Kiswahili ya kutopenda konsonanti mbili kukaa pamoja, huingiza irabu na kupata Baraghash. Tamko hilo la mwisho ndilo linalosemwa kuzaa neno ambalo sote tunalijua.

Baraghashia: jina lililohamia kichwani

Je, wajua kwamba kofia ya baraghashia, kwa masimulizi ya watu wa pwani, imepata jina lake kwa Seyyid Barghash? Ni ile kofia ya nguo nyeupe iliyotariziwa, ivaliwayo na kanzu Ijumaa, Idi, harusini na mazikoni.

Ukiitazama kwa karibu, utaona imeundwa kwa vipande viwili: duara la juu na mkanda unaozunguka kichwa. Mshonaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyekaa nyumbani kwake, huanza kwa kuchora ua lake kwenye kitambaa kwa penseli. Kisha hutoboa vitundu vidogo kufuata mchoro, na kila kitundu hukizungushia uzi kwa mshono wa kubanana mpaka ukingo wake usimame. Vitundu hivyo huitwa viua, na kofia nzuri ina mamia yake. Vinapendezesha, na vilevile vinapitisha hewa kichwani. Kofia moja ya mkono huweza kumchukua mshonaji wiki kadhaa, ndiyo maana bei yake haiko karibu kabisa na ile ya mashine. Ikishafuliwa hutiwa wanga na kupigwa pasi ili isilale.

Kofia za aina hii huvaliwa Mombasa, Lamu, Dar es Salaam, Ujiji, Bujumbura na hata Kongo ya mashariki, popote misafara ya pwani ilipopita. Oman nako ipo dada yake, *kumma*, ambayo sasa ni sehemu ya vazi la taifa. Inaaminika ilikwenda huko kutoka Zanzibar pamoja na familia zilizorudi. Wanaume wengi wanaoivaa baraghashia kila wiki hawajawahi kukutana na mtu mwenye jina lililoizaa.

Halikurudi kwenye kiti

Kama kipimo cha jina kupendwa ni kurudiwa katika ukoo wake, basi orodha ya watawala wa Zanzibar inasema wazi. Tangu Barghash hadi Mapinduzi ya Januari 1964, Khalifa walikaa wawili: Khalifa bin Said na Khalifa bin Harub. Ali nao wawili: Ali bin Said na Ali bin Hamoud. Wengine ni Hamad, Hamoud, Abdullah na Jamshid. Barghash ni mmoja tu.

Jina hilo lilikaribia kurudi kwa njia ya mwana. Agosti 25, 1896, Khalid bin Barghash aliingia kasri bila idhini ya Waingereza na kujitangaza mtawala. Asubuhi ya Agosti 27 manowari za Kiingereza ziliipiga Zanzibar mizinga kwa dakika zisizozidi arobaini na tano, vita vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Meli ya *Glasgow*, ambayo Barghash aliiagiza baada ya kimbunga kumaliza meli zake, ilizamishwa palepale bandarini. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akachukuliwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuhamishiwa visiwa vya mbali. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Sababu ya uhaba wa jina si ngumu kuiona. Said ni mwenye heri, Majid ni mtukufu, Khalifa ni mrithi, na Ali lina utukufu wake katika dini. Mzazi akiulizwa maana ya hayo, jibu liko mdomoni. Barghash halimo katika Kurani, halikuwa la nabii wala swahaba mashuhuri, na anayeifungua kamusi hukaribishwa na usubi. Limeachwa kwa mtu mmoja, na umaarufu wa mtu huyo umelifanya lionekane si la mtoto wa jirani bali la kitabu cha historia.

Kwa anayetaka kumpa mwanawe

Jina la mdudu au la mnyama si dhambi, na mifano ya Jundub na Jahsh inatosha kumjibu mzee yeyote atakayeguna siku ya akika. Kinachohitaji uangalifu ni karatasi. Chagua tahajia moja, Barghash au Bargash, iandike hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na uhakikishe shule, kitambulisho na pasi ya kusafiria vinaifuata herufi kwa herufi. Jina ambalo mabalozi wa karne ya 19 walilikosea si ajabu likamtatiza karani wa leo, na kusahihisha cheti ni kazi ndefu kuliko kutaja herufi moja moja siku ya kwanza: B, A, R, G, H, A, S, H.